Miezi Saba na Mpira wa Mkojo

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati ule ambapo baridi ya Dodoma huja na upepo unaopenya mpaka kwenye mifupa. Nilishikwa na mafua. Nikanunua vidonge vya mafua kwenye duka la dawa la pale barabarani Mpunguzi, nikameza viwili, nikalala. Saa nane usiku nikaamka kwenda haja ndogo kama nilivyozoea kwa miaka minne, nikasimama chooni, hakikutoka kitu. Nikakaza tumbo. Tone moja. Nikarudi ndani, nikatoka tena, nikarudi. Kufika saa kumi na moja alfajiri tumbo la chini lilikuwa limewambwa kama ngoma, na jasho linanitiririka katika baridi ile. Mke wangu hajawahi kunisikia nikilia kwa maumivu tangu tuoane, miaka arobaini sasa. Alitoka mbio na kanga yake kumwamsha kijana wa jirani mwenye bajaji.

Nina miaka 68. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 36, nikastaafu, na sasa nalima zabibu. Naandika haya kwa ajili ya wanaume wa rika langu na vijana wanaowapeleka hospitali, kwa sababu nilipoambiwa kwamba tezi dume yangu imefika gramu 138 na inatakiwa kutolewa kwa kuchanwa, sikumpata mtu hata mmoja wa kunisimulia ilivyo. Waliopitia walikuwepo. Wawili nasali nao kanisa moja, nimekuja kujua baadaye. Walinyamaza, kama nilivyokuwa nimenyamaza mimi.

Hospitalini nesi wa zamu, binti mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho, alisema, "Shikamoo baba, pole sana. Vuta pumzi ndefu, halafu itoe taratibu kama unapuliza chai." Mpira wa mkojo ukapita. Mkojo ukaanza kushuka kwenye mfuko, na mimi nikaanza kurudi duniani. Alipima akaandika: mililita 1,400. Kibofu cha mtu mzima kwa kawaida kinambana akifikisha 400 au 500 hivi. Cha kwangu kilikuwa kimejifunza kubeba mzigo kwa muda mrefu bila mimi kujua, na hilo ndilo lililomfanya daktari akunje uso.

Kuhusu vidonge vya mafua, nilielezwa asubuhi yake. Vingi vina dawa ya kukausha kamasi ambayo hukaza pia misuli ya mlango wa kibofu, na vile vya mafua vinavyoleta usingizi hukilegeza kibofu chenyewe kisisukume vizuri. Kwa kijana hakuna neno. Kwa mzee mwenye tezi iliyokwisha kubana njia, vinaweza kuifunga kabisa. Nilikuwa nimevinunua bila mtu kuniuliza umri wangu wala ninavyokojoa, na mimi sikujua kama kuna la kusema.

Lakini vidonge vilimalizia tu. Kwa miaka minne nilikuwa naamka mara mbili usiku, kisha tatu, kisha tano. Mkojo ulikuwa unatoka mwembamba, unakatika, unaanza tena, na nikimaliza nasikia bado umo. Nilikwenda zahanati moja ya karibu mara tano katika miaka miwili, na mara zote tano nilipimwa mkojo, nikaambiwa ni UTI, nikapewa dozi. Hakuna aliyenibonyeza tumbo. Hakuna aliyeuliza, "Mzee, mkojo unatoka kwa nguvu?" Nafuu ilikuwa ya siku chache, kisha tunarudi palepale. Sisemi hivi kwa chuki. Nasema kwa sababu mwanaume aliyevuka miaka 50 akiambiwa UTI mara ya pili, inafaa aulize mwenyewe kwa sauti: je, tezi dume yangu imepimwa? Mimi sikuuliza, na muda huo wote figo zangu zilikuwa zinaumia.

Ndiyo, figo. Kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huitoa mwilini, kilisoma 310, na kawaida ya mwanaume ni kati ya 60 na 110 hivi. Ultrasaundi ikaonyesha figo zote mbili zimetanuka, mkojo umerudi nyuma hadi kwao. Nililazwa siku nne. Siku ya kwanza nilitoa mkojo lita tano na nusu, nesi anapima kila saa, dripu inaingia mkono mmoja kufidia kinachotoka. Figo zilizobanwa zikifunguliwa ghafla humwaga maji na chumvi bila breki, ndiyo maana mtu wa namna hii hatakiwi kuwekewa mpira na kurudishwa nyumbani jioni ileile. Baada ya wiki tano kreatinini ilishuka hadi 125. Haijarudi chini zaidi ya hapo mpaka leo.

Kliniki ya magonjwa ya mkojo nilimkuta daktari bingwa kijana, labda miaka arobaini. Alianza na kile kipimo cha kidole. Nataka kukisema waziwazi kwa sababu watu wamekifanya kichekesho, na kichekesho hicho kinazika wanaume. Unalala ubavu, magoti kifuani, anavaa glovu na mafuta. Kinakera, hakiumi, na kinaisha kabla hujamaliza kuona aibu. Alinieleza alichokuwa anakitafuta: tezi iliyokua kwa umri huwa nyororo, inabonyea kidogo kama ncha ya pua; yenye saratani mara nyingi huwa na sehemu ngumu kama fundo la kidole. Yangu ilikuwa nyororo, na kubwa mno kiasi kwamba kidole hakikufika juu yake. Tezi ya kijana ina gramu 20 hivi.

PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilinitia hofu kubwa. Ilisoma 9.6, na kila mtu nyumbani alikuwa ameshasikia kwamba ikizidi 4 ni saratani. Daktari akasema damu ile ilichukuliwa siku chache baada ya mkojo kuziba, mpira umepita, na nilikuwa na maambukizi. Vyote hivyo hupandisha. Nikarudi baada ya wiki sita, ikasoma 5.8. Akachukua kalamu, akagawanya 5.8 kwa 138, ikaja 0.04. "Mwalimu," akasema, "shamba kubwa linatoa magunia mengi. Tezi kubwa nayo inatoa PSA nyingi. Tunaanza kuwa na wasiwasi hesabu hii ikifika 0.15." Nililala usingizi usiku ule.

Siku hiyohiyo alinichorea njia za matibabu nyuma ya fomu ya maabara. Karatasi ile ninayo bado, imekunjamana, na nitaieleza kama alivyoieleza kwa sababu ndicho kiini cha nilichopitia.

Alianza na vidonge ili nisiendelee kuviota. Tamsulosini hulegeza misuli ya shingo ya kibofu, unaanza kuona tofauti ndani ya siku chache. Finasteridi hupunguza tezi yenyewe, ila inataka miezi sita na zaidi, na inapunguza kama robo. Robo ya 138 ukiitoa unabaki na zaidi ya mia. Na kwangu mimi ambaye figo zimeshaguswa, vidonge peke yake vilikuwa vimepitwa na wakati. Alisema hata kujaribu kuutoa mpira kuona kama nitakojoa hakuturuhusu: "Mpira huu hautoki mpaka tezi itoke." Naomba mtu akumbuke sentensi hiyo, maana niliivunja.

Ya pili ni kukwangua. Hiyo ndiyo niliyoitaka, kwa kuwa niliisikia kwamba "hawachani". Wanapitisha chombo chenye kamera kwenye njia ya mkojo, na waya mdogo wa umeme unakata tezi vipande vidogovidogo kutoka ndani huku maji yakisafisha. Mpira unatolewa baada ya siku mbili tatu, unarudi nyumbani. Kwa tezi za wastani ndiyo njia iliyozoeleka dunia nzima. Sasa ikifika gramu 80 na kuendelea, mambo yanabadilika. Ukikwangua muda mrefu damu inapotea, na kwa mashine za zamani maji yanayotumika si ya chumvi. Yakinyonywa mengi mwilini yanazimua chumvi ya damu, mgonjwa anachanganyikiwa, presha inayumba, anaweza kufa. Kwa hiyo daktari anakimbizana na saa, anataka amalize ndani ya saa moja hivi. Mashine mpya hutumia maji ya chumvi na hatari hiyo haipo, lakini damu na muda vinabaki. "Yako nikiikwangua," alisema, "nitachoka kabla haijaisha. Nitaacha nyama, na baada ya miaka michache utarudi kwangu."

Ya tatu ni leza. Kijana wangu wa Dar es Salaam alikuwa ameisoma kwenye simu, akanipigia kila jioni: "Baba, panda SGR uje tutafute, tukikosa hapa twende India." Daktari hakuidharau hata kidogo. Alisema ilianzia New Zealand miaka ya 1990 kwa daktari Peter Gilling na wenzake. Leza inabandua tezi nzima kutoka kwenye ganda lake, inaisukuma ndani ya kibofu, kisha mashine nyingine inaisaga na kuinyonya nje. Inafanya kazi kwa tezi ya ukubwa wowote, damu ni kidogo, siku za hospitali ni chache. Lakini mashine ni ghali, na daktari anahitaji kufanya wagonjwa wengi sana chini ya usimamizi kabla mkono haujazoea. Akasema maneno ambayo nimewarudia watu wengi tangu siku ile: "Leza nzuri kwenye mkono usioizoea ni mbaya kuliko kisu kwenye mkono unaokijua."

Ya nne, kuchanwa. Wanakata chini ya kitovu, wanafungua kibofu, na kwa kidole daktari anaibandua tezi iliyovimba, kama unavyolitoa chungwa na kuliacha ganda. Hapo mwalimu ndani yangu aliamka nikataka historia. Akaniambia njia ya kupitia kwenye kibofu aliitangaza Peter Freyer, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi London, mwaka 1901. Na mwaka 1945 Terence Millin, naye wa Ireland, akaonyesha namna ya kuingia kwenye tezi moja kwa moja bila kukichana kibofu. Zaidi ya miaka mia moja, na kwa tezi kubwa kama yangu bado inaheshimika, kwa sababu inaondoa yote na wachache sana hurudi kufanyiwa tena. Gharama yake ni kidonda, damu zaidi, siku tano hadi saba wodini, na mpira wiki nzima au zaidi. Kuna ambao shingo ya kibofu husinyaa baadaye kwa kovu, kuna ambao mkojo unavuja kwa muda. Hakunificha.

Nikamwambia nitafikiri. Tangu mkojo uzibe hadi upasuaji, ilipita miezi saba.

Hofu yangu haikuwa kisu. Kijijini kwetu ukisema "operesheni ya tezi dume", watu wanasikia kuhasiwa. Na nimefuatilia nikajua uvumi huo unakotoka. Mzee mmoja wa kitongoji cha jirani alikuwa na saratani ya tezi dume iliyokwisha sambaa kwenye mifupa. Alitolewa korodani, kwa sababu homoni zinazotoka huko ndizo zinazoilisha saratani hiyo, na ukizikata maumivu ya mifupa hupungua. Matibabu yale yalimpa miaka kadhaa ya kutembea. Lakini watu walibakiwa na jambo moja tu kichwani, wakaliunganisha na kila mwenye tezi. Ugonjwa wangu haukuwa saratani, na kukua kwa tezi kwa umri hakugeuki kuwa saratani. Korodani hazihusiki kabisa na upasuaji niliotakiwa kufanyiwa. Ningeuliza swali hilo moja siku ya kwanza, ningejibiwa kwa sekunde kumi. Niliona haya kuuliza, nikalibeba kutoka Julai hadi Februari.

Kuishi na mpira ni kazi. Unauosha kila siku pale unapoingilia, kwa maji na sabuni, kutoka kwako kwenda nje, si kinyume. Mfuko lazima ukae chini ya usawa wa kibofu, hata ukiwa umekaa kwenye daladala. Mpira wa kawaida nilibadilishiwa kila baada ya wiki tatu au nne. Mke wangu alinishonea mfuko wa kitenge wa kufunga chini ya goti ili suruali ya kanisani isionyeshe, na bado nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa hofu ya harufu. Mara mbili nilipata homa ya kutetemeka kwa maambukizi. Shambani nikiinama kupogoa mizabibu ulikuwa unanivuta, na mkojo unabadilika kuwa mwekundu.

Mwezi wa kumi nilienda kwa muuza dawa za asili pale mjini. Alinipa unga wa mizizi wa wiki tatu, akaniahidi tezi itayeyuka. Wiki ya tatu nikajisikia mwepesi, nikaenda zahanati nikaomba watoe mpira. Wakatoa. Asubuhi nilikojoa kidogo, mchana tone, usiku nikawa kwenye bajaji ileile na kijana yuleyule. Kreatinini ilikuwa imepanda tena, 240. Daktari hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu akiangalia karatasi, kisha akasema, "Mwalimu, kila ukiziba, figo zinakatwa kipande. Sitaweza kukurudishia." Kimya kile kiliniumiza kuliko angefoka.

Ndipo nikauliza maswali niliyopaswa kuuliza mwanzo. Hizi upasuaji za kuchana umefanya ngapi? Akanijibu bila kuudhika kwamba hupata moja au mbili karibu kila wiki, kwa sababu wanaume wetu wengi wanakuja wakati tezi imeshakuwa kubwa. Damu ikihitajika itatoka wapi? Nitavuja muda gani? Na lile lingine. Nilipofika hapo nikakwama, akalielewa, akasimama akafungua mlango: "Mama, naomba na wewe uingie." Akatueleza wote wawili tukiwa tumekaa: nguvu za kiume kwa kawaida hubaki kama zilivyokuwa kabla. Kinachobadilika kwa wengi ni kwamba mbegu hazitoki nje tena, zinarudi kwenye kibofu na kutoka baadaye na mkojo, kwa sababu mlango uliokuwa unazizuia umeondolewa pamoja na tezi. Haidhuru mwili. Anayetaka bado kuzaa afikirie mapema. Mke wangu akasema, "Dokta, sisi watoto tunao watano, mrudishie usingizi tu." Nilimshika mkono pale pale, mbele ya daktari, jambo ambalo si kawaida yangu.

Ilikuwa mwezi wa pili, zabibu zinaanza kuiva. Niliacha aspirini ndogo ya moyo siku saba kabla, kwa maelekezo yao. Wanangu wawili wakatoa damu, na wa tatu alikuwa mwanafunzi wangu wa darasa la nne, sasa ni mtu mzima mwenye duka la vipuri. Nilitaka nusu kaputi nisijue lolote. Wakanishauri ganzi ya mgongo. Nilikubali, na sijutii. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa kama gogo, lakini nilisikia wakiongea, nikasikia mmoja akisema "chukua, chukua", na kitu kizito kikiwekwa kwenye bakuli la chuma.

Kitu hicho mwanangu alikibeba mwenyewe hadi maabara, ndani ya kopo la plastiki lenye dawa. Alinionyesha jioni. Vilikuwa vipande viwili vikubwa na kimoja kidogo, vya manjano iliyopauka, mviringo, vina uso wa mabonde madogomadogo kama viazi mviringo vilivyomenywa kwa haraka. Maabara waliandika gramu 112. Niliviangalia muda mrefu. Hivyo ndivyo vilivyoniamsha usiku kwa miaka minne.

Siku mbili za kwanza wodini ndizo ngumu. Unakuwa na mpira wa njia tatu: moja ya kujazia puto linaloushikilia ndani, moja ya kuingiza maji ya chumvi kutoka chupa zilizoning'inizwa juu, moja ya kutoa. Maji yanapita usiku na mchana ili damu isigande. Nilijifunza kusoma rangi kwenye ule mrija. Mwanzoni ulikuwa kama juisi ya rozela nzito, na manesi walikuwa wanakuja mbio. Kesho yake kama rozela iliyoongezwa maji. Siku ya tatu kama chai ya rangi nyepesi. Usiku wa pili maji yaliacha kutoka, tumbo likaanza kukaza, na nikadhani yale ya Julai yamerudi. Ilikuwa bonge la damu limeziba tundu. Nesi akaja na bomba kubwa la sindano, akasukuma maji na kuvuta, akasukuma na kuvuta, mpaka mabonge ya damu yakatoka na maji yakaanza tena. Mwanangu aliyekuwa amelala chini kwenye mkeka ndiye aliyeona kwanza. Ndugu wanaokaa na mgonjwa wafundishwe jambo hili moja: mfuko usipojaa huku maji yanaingia, ita nesi papo hapo.

Kibofu nacho kinabana chenyewe kwa mishtuko, unasikia haja kali ya kukojoa na huwezi, mkojo unapenya pembeni ya mpira. Wana dawa ya hilo. Usijikaze kiume, waambie.

Kitanda cha jirani alikuwapo mzee wa Chamwino, mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa kizamani, ambaye kila asubuhi alikuwa anasalimia wodi nzima, "Mbukwenyi!" na sote tunaitikia. Yake ilikuwa gramu 60, alikwanguliwa, akaondoka siku ya tatu. Nilimwonea wivu. Alipokuwa anaaga aliniambia alianza kwenda hospitali mara tu mkojo ulipoanza kukatika, kwa sababu kaka yake alikufa kwa figo. Nilitafakari maneno hayo kwa siku zote zilizobaki.

Siku ya nane mpira ulitolewa. Walinijazia kibofu maji kwanza, wakautoa, nikapelekwa chooni nikiwa nimeshika ukuta. Ukatoka kwa nguvu, mfululizo, unapiga sauti kwenye sinki la choo, hadi mwisho, bila kukatika. Nilisimama pale baada ya kumaliza. Nesi akagonga mlango akiuliza kama niko salama, sikuweza kumjibu mara moja.

Baada ya hapo nilivuja wiki tano. Nikikohoa, nikinyanyuka kitini, nikicheka. Nilitumia vitambaa, na mazoezi ya kukaza misuli ya chini kama mtu anayezuia upepo usitoke: unakaza unahesabu hadi tano, unaachia, mara kumi, mara tatu kwa siku. Nimejua baadaye kwamba ni vizuri kuanza mazoezi hayo kabla ya upasuaji, wakati misuli bado haijaguswa. Mkojo wenye damu kidogo ulirudi siku ya kumi na mbili, nikaogopa, wakaniambia makovu ya ndani yanabanduka, ninywe maji na nisijikamue chooni. Kwa hiyo mlenda na mapapai vikawa chakula changu cha kila siku.

Kunyanyua vitu vizito ilikatazwa wiki sita. Mavuno yakaiva nikiwa katika hizo wiki sita. Mke wangu na watoto ndio waliovuna, mimi nikakaa chini ya mti na daftari, naandika uzito wa kila kreti. Mwaka ule ndio pekee hesabu za shamba zimekaa sawa.

Majibu ya nyama yalirudi baada ya wiki tatu: ukuaji wa kawaida wa tezi, hakuna saratani. Ila daktari alinikumbusha lile chungwa. Ganda limebaki, na saratani nyingi za tezi dume huanzia hukohuko kwenye ganda, hivyo kutolewa tezi namna hii hakumwondoi mtu kwenye kupima. PSA yangu sasa ni 0.7, na napima kila mwaka. Kreatinini imesimama pale 125, figo zinaangaliwa kila baada ya miezi sita. Naamka mara moja usiku, na siku nyingine nalala moja kwa moja hadi jogoo.

Mdogo wangu ananunua mahindi Kibaigwa. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku, akazunguka kwanza na habari za bei na mvua, kisha akashusha sauti: "Kaka, kile kipimo kinauma?" Nikamwambia aje Jumanne. Nilikaa naye kwenye benchi la kliniki kuanzia saa moja na nusu. Aliingia, akatoka baada ya dakika chache, akaenda ultrasaundi, akarudi na karatasi mkononi. Gramu 46. Figo safi. Ameanza vidonge, na ameandikiwa kurudi baada ya miezi mitatu.